Barua Pepe za Kampuni Kwenye Simu za Wafanyakazi: Ufunguo Uko kwa Nani?

WAFANYABIASHARA wengi wa daraja la kati wanapotafuta programu ya kuleta barua pepe za kampuni kwenye simu za mkononi za wafanyakazi huuliza mambo mawili tu: ni bei gani kwa mwezi, na je, inakubali kwenye simu zote? Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Anayeishia hapo anaweza kujikuta baada ya mwaka au miwili akilipia huduma ambayo mtu mwingine ana uwezo wa kuizima, au akimtazama ofisa mauzo aliyeacha kazi akiondoka na wateja wote mfukoni.

Zamani hili lilikuwa tatizo la mabenki na makampuni ya kigeni. Leo hata duka la vipuri la Kariakoo lenye watu saba linalo. Profoma ya muuzaji wa Guangzhou, hati ya shehena, taarifa ya wakala wa forodha, uthibitisho wa benki kwamba fedha zimetoka. Vyote hupita kwenye barua pepe, na mtu anayepaswa kuvisoma mara nyingi hayuko mezani pake. Yuko bandarini, yuko kwenye foleni ya benki, au yuko njiani kwenda Tunduma. Hati ikiingia saa nne asubuhi na karani akaiona saa kumi jioni, siku imekwenda, na kontena likipitisha siku zake za bure pale bandarini, kila siku inayoongezeka ina bei yake.

Wapo wanaosema WhatsApp inatosha. Inatosha kwa kupatana bei na kutumiana picha za mzigo. Lakini mazungumzo yale yamefungwa kwenye namba ya simu ya mfanyakazi, si kwenye jina la kampuni. Siku mgogoro wa malipo utakapofika kwa wakili, kampuni italazimika kumwomba mfanyakazi wake, na pengine aliyekwisha kuondoka kwa hasira, ushahidi wa biashara yake yenyewe.

Kusawazisha ni nini hasa

Programu za namna hii hufanya kazi moja, nayo ni kusawazisha. Yaani kilichopo kwenye seva ya kampuni, kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye simu kiwe ni kitu kilekile. Barua ikisomwa kwenye simu ionekane imesomwa ofisini. Ikifutwa huku, ifutike na kule. Miadi iliyowekwa na katibu muhtasi Dar es Salaam ionekane kwenye kalenda ya meneja aliyeko Mwanza.

Zipo njia tatu ambazo mnunuzi atazisikia kwa fundi, na afadhali azijue kwa majina. Ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe, ni POP. Simu au kompyuta hugonga hodi kwenye seva, huchukua barua, na mara nyingi huiondoa kule. Matokeo yake barua inabaki mahali pamoja tu, kwa yule aliyewahi kuichukua. Kompyuta ya mhasibu ikiibwa, barua za miaka mitatu zimekwenda nayo. Fundi anayemwekea mteja POP siku hizi, hata kama anatoza kidogo, anamwuzia mbuzi kwenye gunia.

Ya pili ni IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Hii huacha barua kwenye seva na kuzionyesha kila mahali. Ni njia huru isiyomilikiwa na kampuni yoyote, na karibu kila simu yenye intaneti inaielewa. Upungufu wake ni kwamba hubeba barua peke yake. Kalenda na orodha ya anwani huhitaji njia nyingine, CalDAV na CardDAV, ambazo nazo ni huru lakini zinamhitaji fundi anayejua anachokifanya.

Ya tatu ni ActiveSync ya Microsoft. Hubeba barua, kalenda na anwani kwa pamoja, husukuma barua hadi kwenye simu mara inapoingia, na humpa msimamizi wa ofisi uwezo wa kulazimisha simu iwe na namba ya kufungulia, hata kuifuta ikiwa mbali. Apple waliichukulia leseni mwaka 2008 kwa ajili ya iPhone. Hata seva za programu huria zinaweza kuitumia kupitia programu kama Z-Push, kwa hiyo kuitaka ActiveSync si lazima kuwe kumpigia magoti Microsoft.

Kwa ofisi ndogo isiyojali kalenda, IMAP inatosha kabisa. Kwa ofisi yenye watu wanaosafiri na simu zinazoweza kupotea, uwezo wa kusimamia simu kutoka mbali unastahili kulipiwa. Lakini kabla ya kuchagua, kuna historia ambayo kila mnunuzi angefaa aijue.

Yaliyowapata wateja wa BlackBerry

Kampuni ya Research In Motion ya Waterloo, Kanada, ilitoa kifaa chake cha kwanza chenye jina la BlackBerry mwaka 1999. Kwa muda wa miaka kumi hivi hakukuwa na mshindani wa kweli. Kampuni iliyonunua huduma hiyo iliweka seva maalumu ofisini kwake, na barua zikafika kwenye vifaa vya mameneja zikiwa zimefichwa kwa msimbo ambao hata Research In Motion yenyewe haikuweza kuusoma. Ilikuwa bidhaa nzuri, na sifa zake zilikuwa za kweli.

Tatizo lilikuwa kwenye njia. Kila barua ilipaswa kupita kwenye mitambo ya Research In Motion kabla ya kufika kwa mwenyewe. Mteja alinunua seva, alinunua vifaa, alilipia kila mwezi, lakini daraja la katikati halikuwa lake.

Mara ya kwanza kwa wateja kuliona jambo hilo ilikuwa kwenye kesi ya hataza iliyofunguliwa Marekani na kampuni iitwayo NTP. Kwa miezi kadhaa kulikuwa na hofu ya kweli kwamba mahakama ingeamuru huduma isimamishwe nchini humo. Tarehe 3 Machi, 2006 Research In Motion ilikubali kulipa dola milioni 612.5 kumaliza shauri. Mteja aliyetegemea huduma hiyo hakuwa na kosa lolote katika ugomvi ule, wala hakuwa na sauti.

Mwaka 2010 ikaja zamu ya Ghuba. Mamlaka ya mawasiliano ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilitangaza mwezi Agosti kwamba huduma za BlackBerry, barua pepe zikiwemo, zingesitishwa kuanzia Oktoba 11, kwa sababu taarifa zilikuwa zikitoka nje ya nchi zikiwa zimefichwa. Siku tatu kabla ya tarehe hiyo amri iliondolewa. Kwa mtu anayefanya biashara Dubai, hiyo ilikuwa miezi miwili ya kutojua kama simu yake ingekuwa na kazi.

Oktoba mwaka uliofuata, 2011, mtambo mmoja muhimu uliharibika katika kituo cha Slough, Uingereza, na ule wa akiba haukushika nafasi yake ipasavyo. Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika zikakatika, kisha na Amerika. Tatizo lilichukua siku kama tatu. Meneja wa Nairobi au wa Dar es Salaam alikaa bila barua kwa hitilafu iliyotokea katika mji ambao hakuwahi kuusikia.

Mwisho wenyewe ulikuja Januari 4, 2022, pale huduma za vifaa vya zamani vya BlackBerry zilipozimwa rasmi. Wakati huo wateja wengi walikwisha kuhama, lakini waliohama kwa haraka walilipa mara mbili, kwanza vifaa vipya na kisha fundi wa kuhamisha.

Kwa msomaji mwenye hisa kuna la kuongeza hapa. Hisa moja ya Research In Motion iliuzwa kwa zaidi ya dola 140 katika soko la Nasdaq katikati ya mwaka 2008. Mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa chini ya dola 10. Good Technology, mshindani aliyekuwa akiuza programu ya kufunga barua za kampuni ndani ya simu ya aina yoyote, aliwahi kuthaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni moja, kisha akanunuliwa na BlackBerry mwaka 2015 kwa dola milioni 425. Wenye hisa za kawaida, wengi wao wakiwa wafanyakazi, waliambulia senti 44 kwa hisa. Anayenunua programu na anayenunua hisa, wote wawili wanauliza jambo moja: nini kinamzuia mteja wa kampuni hii asihame kesho?

Na si BlackBerry peke yao. Google waliwapa ofisi ndogo barua pepe za jina la kampuni bila malipo, wakafunga mlango kwa wateja wapya Desemba 6, 2012, kisha Januari 2022 wakawatangazia waliobaki ndani kwamba bure imekwisha. Baadaye walilegeza kwa watumiaji binafsi. Wafanyabiashara ilibidi walipe. Bure ya muuzaji ina tarehe ya mwisho hata kama haijaandikwa.

Funguo tatu

Ufunguo wa kwanza ni jina lenyewe, yaani domeni, ile sehemu ya anwani inayofuata baada ya alama ya @. Anayemiliki domeni ndiye anayeamua barua ziende kwenye seva gani. Akiwa nayo mkononi, kampuni inaweza kumwacha muuzaji mmoja Ijumaa na Jumatatu ikawa kwa mwingine, wateja wasijue. Makosa yanayoonekana mara kwa mara ni kijana wa kompyuta kusajili domeni ya kampuni kwa jina lake mwenyewe na anwani yake binafsi, kwa nia njema tu, ili kazi iende haraka. Miaka minne baadaye kijana yuko nje ya nchi, ada ya mwaka imepita bila kulipwa, na kampuni haina hata njia ya kuthibitisha kwamba jina ni lake. Mwenye duka ambaye bado anatumia anwani ya bure isiyo na jina la kampuni hana ufunguo huu kabisa, na angeanzia hapo kabla ya kuzungumza habari za programu.

Ufunguo wa pili ni neno la siri. Baadhi ya programu za simu haziendi moja kwa moja kwenye seva ya kampuni. Huchukua jina na neno la siri la mtumiaji, huvihifadhi kwenye seva za mtengenezaji, na seva hizo ndizo zinazokwenda kuchukua barua kwa niaba yake. Hili lilizua kelele mwaka 2015. Microsoft walikuwa wamenunua programu ya Acompli mwishoni mwa mwaka 2014 na kuitoa upya Januari kwa jina la Outlook. Februari, Bunge la Ulaya likawazuia wabunge na watumishi wake kuitumia, kwa sababu maneno ya siri yalikuwa yakikaa kwenye seva za nje bila wao kujua. Mpango huo ulibadilishwa baadaye. Hata hivyo programu nyingi za bure kwenye masoko ya simu bado zinafanya vilevile, na mnunuzi ana haki ya kuuliza swali hilo waziwazi.

Microsoft wenyewe walianza Oktoba 1, 2022 kuzima utaratibu wa zamani wa kuingia kwa jina na neno la siri tu kwenye seva zao za mtandaoni. Simu kuukuu ambazo programu zake hazikujua utaratibu mpya ziliacha kupokea barua. Ofisi yenye simu za miaka sita au saba ihesabu hilo kwenye bei: programu inaweza kuwa nafuu, lakini ikamlazimisha mtu kununua simu nne.

Kosa jingine, nalo ni la nyumbani kabisa, ni ofisi nzima kutumia sanduku moja la barua na neno la siri moja kwenye simu tano. Mtu mmoja akiondoka, inabidi neno libadilishwe kwenye simu zote, na kwa kuwa ni usumbufu, halibadilishwi. Aliyeondoka anaendelea kusoma profoma za kampuni akiwa kwa mshindani. Kila mfanyakazi awe na sanduku lake. Anwani za pamoja kama ile ya mauzo zinaweza kuelekezwa kwa watu watatu, na kwa kawaida hazilipiwi kama mtumiaji kamili.

Hasara ya jambo hili haipimwi kwa usumbufu peke yake. Kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni, Marekani, kilipokea kwa mwaka 2023 taarifa za hasara inayozidi dola bilioni 2.9 kutokana na ulaghai wa barua pepe za biashara. Ulaghai wenyewe ni rahisi kuuelewa: mwizi huingia kwenye sanduku la barua, hukaa kimya akisoma, na siku ankara halisi inapotumwa, humletea mnunuzi barua inayofanana nayo yenye namba nyingine ya akaunti. Kwa hiyo programu isiyokuwa na uthibitisho wa hatua mbili isinunuliwe. Na namba ya uthibitisho ni bora itoke kwenye programu maalumu ndani ya simu kuliko kwa ujumbe mfupi, kwa kuwa laini inaweza kuhamishwa na matapeli.

Ufunguo wa tatu ni simu. Hapa ndipo ugomvi wa ofisini huzaliwa, maana kwa kawaida simu ni ya mfanyakazi na barua ni za kampuni. Amri ya kufuta iliyozoeleka katika ActiveSync hufuta simu nzima: barua, picha za harusi, namba za ndugu, kila kitu. Mwajiri anayeitoa kwa hasira siku ya kumwachisha mtu kazi anaweza kujikuta yeye ndiye mshitakiwa. Programu zinazofaa zaidi huziweka barua kwenye sehemu yake ndani ya simu, na kufuta sehemu hiyo peke yake. Simu nyingi za Android zina nafasi ya kazi iliyotengwa na ya binafsi. Mnunuzi aulize kama programu anayouziwa inaitumia.

Ikumbukwe pia kwamba amri ya kufuta hufika tu simu inapoingia kwenye mtandao. Mwizi akitoa laini na kuzima simu, amri inasubiri. Kinachomlinda mwenye mali katika saa hizo ni namba ya kufungulia kioo, na ndiyo maana programu iweze kuilazimisha bila kumbembeleza mtu.

Makubaliano hayo yaandikwe na yasainiwe siku ya kwanza. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kenya na Uganda zilitunga za kwao mwaka 2019. Orodha ya wateja yenye majina na namba za simu iliyoko kwenye simu ya ofisa mauzo ni mzigo wa kampuni mbele ya sheria, si wa ofisa huyo peke yake.

Hesabu na majaribio

Tuseme duka lile la vipuri linahitaji watu watano kwenye simu, na huduma inatozwa dola 6 kwa mtu kwa mwezi. Ni dola 30 kwa mwezi, dola 360 kwa mwaka. Malipo ni ya dola, hivyo shilingi ikiteleza gharama inapanda bila muuzaji kubadilisha bei. Juu yake kuna bando. Katalogi ya megabaiti 10 ikiletwa kwenye simu tano ni megabaiti 50 kwa barua moja ambayo pengine anaihitaji mtu mmoja tu. Programu nzuri huleta vichwa vya barua na kusubiri mtumiaji aombe kiambatisho, na huacha simu ibebe barua za mwezi mmoja tu badala ya miaka yote.

Anayesafiri kwenda China ana hesabu yake. Huduma za Google hazifunguki kwenye mitandao ya kule, na tangu Desemba 2014 hata njia za POP na IMAP za Gmail zilizibwa. Mfanyabiashara hufika hotelini Guangzhou, akaunganisha simu, na barua za ofisini kwake zikanyamaza. Akitumia laini ya nyumbani kwa huduma ya kuzurura, barua kwa kawaida huja kwa sababu mawasiliano yanapitia mtandao wa kwao, ila kwa bei ya kuzurura. Duka ambalo nusu ya mzigo wake unatoka huko lingefaa kulipima hili kabla ya kuchagua upande wa Google.

Majaribio ya wiki mbili yanatosha, na wauzaji wengi huyatoa bila malipo. Wasichaguliwe vijana wanaopenda simu. Achaguliwe karani wa bandarini, mhasibu na yule mwenye simu ya bei ya chini kuliko wote. Waangalie barua inachukua muda gani kufika simu ikiwa mfukoni, kwa kuwa simu nyingi za Android huzilaza programu ili kutunza betri, na barua husubiri mpaka mtu afungue kioo. Wapoteze simu moja kwa makusudi, yaani waifunge kabatini na kutoa amri ya kuifuta, waone kilichofutika na kilichobaki.

Mwisho muuzaji aombwe aonyeshe, mwenye mali akiwa amekaa pembeni yake, namna ya kutoa barua zote za mfanyakazi mmoja na kuzihamishia kwenye seva nyingine. Zoezi hilo lifanyike kabla ya kulipia mwaka mzima, kwa kuwa punguzo la kulipa mwaka mara nyingi huja na sharti kwamba fedha hazirudi.